Kashata na Chumvi ya Mjane

Niliondoka Nchelenge, upande wa Zambia wa ziwa Mweru, asubuhi moja ya kiangazi bila kujua ninakokwenda. Nilichojua ni kwamba sikutaka tena kuliona soko lile la samaki, wala watu wake, wala namna walivyonyamaza. Nilikuwa na blanketi moja, viatu vilivyokatwa kutoka kwenye tairi, na kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa kashata za karanga. Kopo halikuwa langu. Lilikuwa la mama niliyepanga kwake, na kabla sijatoka uani alinishika mkono akanipa masharti yake. Nitayaeleza masharti hayo, maana bila hayo hasira yangu haina kichwa wala miguu.

Ilikuwa miaka ya sabini. Ng'ambo ya ziwa, nchi yetu ilikuwa imepewa jina la Zaire, na Katanga yetu ikaitwa Shaba. Shule niliiacha Lubumbashi katikati ya msingi, kwa kuwa sikuweza kuketi chumba kimoja kutwa nzima nikikaririshwa mito ambayo mwalimu mwenyewe hajawahi kuchovya mguu. Nikawa mtu wa kufuata malori na mitumbwi, na kuuliza. Niliuliza jinsi ngozi inavyolainishwa, jinsi injini inavyokohoa kabla ya kuwaka, kwa nini samaki wa moshi wa mti huu ni mtamu kuliko wa mti ule. Nilivuka Mweru na wachuuzi wa samaki wa kwetu, na nilibaki Nchelenge kwa sababu tu injini ya mtumbwi uliotuleta ilifia hapo.

Mama aliyenipangisha alikuwa hajafika miaka arobaini. Mumewe, mvuvi, alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa tumbo kabla mvua hazijaanza, nami nikalala katika kibanda cha nyavu cha marehemu. Aliishi kwa kuuza kashata. Wachuuzi wa Kongo waliziita nuga, na kwa kuwa wao ndio walionunua zaidi, alikuwa amejifunza Kiswahili chao cha biashara, chenye 'njo' badala ya 'ndiyo' na 'fasi' badala ya 'mahali'. Nyumbani alisema Kibemba kama watu wote wa pale. Tulipogombana tulichanganya.

Nilipenda kumtazama akipika. Alikaanga karanga kwenye sufuria pana, akazisugua kwa viganja mpaka maganda yakatoka, akazipepeta. Sukari aliiyeyusha peke yake, bila tone la maji, akiikodolea macho kama mtu anayemlinda mwizi, mpaka ikafika rangi ya chai kavu. Hapo hapakuwa na kuzungumza naye. Karanga zikishamwagwa humo, una muda wa kupiga chafya moja tu kabla mchanganyiko haujashika. Aliumwaga juu ya bati lililopakwa mafuta, akaulaza kwa kuviringisha chupa tupu, akaukata vipande kwa kisu cha kuparia samaki. Sukari ilikuwa shida miaka ile. Ikifika dukani, foleni ilianza kukiwa bado giza, na yeye alikuwa ndani ya foleni.

Kashata zake zilikuwa nzuri, lakini mtu alikula kipande kimoja akatosheka. Jambo hilo lilinikera. Nikaanza maswali yangu, na yeye, ambaye alichoka kuniona sina kazi, akakubali tujaribu. Tulitia tangausi, yaani tangawizi kwa lugha ya kwetu. Wazee waliipenda, lakini ilimeza karanga yote. Tulitia maji ya ndimu, sukari ikakataa kushika, tukapata kitu kama gundi ambacho tulikifuta kwenye bati kwa majivu. Tulitia pilipili, vijana wa nyavu wakanunua kwa kushindana ubishi, si kwa kula. Siku moja nilikuwa nimekaa na chisense za kukaanga mkononi, wale dagaa wadogo wa Mweru, zikiwa na chumvi nyingi, na mkono wa pili nina kashata. Nikavitia vyote kinywani kwa pamoja. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajaribu yeye, akaacha kucheka.

"Sukari peke yake inachokesha ulimi," alisema. "Inatafuta mwenzake wa kugombana naye."

Mwenzake huyo hakuwa samaki. Ilikuwa chumvi.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwa watu wa ziwani halihitaji maelezo. Mwanamke aliyefiwa na mume, kwa desturi waliyoishika pale, alihesabiwa kuwa bado anabeba kifo cha mumewe mwilini mpaka ukoo wa marehemu umtakase, na njia ya kumtakasa ilikuwa kurithiwa na ndugu wa marehemu. Kabla ya hapo aliruhusiwa kulima, kuuza, kusonga ugali, kuimba kanisani. Lakini asitie chumvi chunguni. Chumvi ya mkono wake, walisema, inashuka kifuani mwa anayeila, naye anakohoa mpaka anakufa. Kwa hiyo kila jioni mama huyu alimwita bibi jirani, kikongwe ambaye mambo hayo hayakumhusu tena, aje kumtilia chumvi katika mboga. Bibi akiwa shambani, tulikula mboga isiyo na chumvi. Bibi akiwa amenuna, hivyo hivyo. Mwanamke mzima, na watoto wakubwa walioolewa, alisimama kwenye kizingiti cha jirani akiomba mkono wa mtu mwingine.

Nilimwambia kwamba kwenye kashata nitatia mimi. Akachota chumvi mwenyewe.

"Chungu yangu, sukari yangu, karanga nimelima miye," alisema. "Chumvi tu njo ya mutu mwingine?"

Hakuichanganya ndani. Aliinyunyiza juu ya bati kwanza, punje kubwa kubwa, kisha akamwaga mchanganyiko wa moto juu yake, hivyo chumvi ikashika upande wa chini wa kashata. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ikiwa juu, jicho linaikula kabla ya ulimi. Ikiwa chini, ulimi ndio unaikuta wa kwanza, na utamu unakuja nyuma yake. Alikuwa sahihi. Ulimi uligongana na chumvi, ukashtuka, kisha sukari na karanga zikaingia kama watu waliokuja kuamua ugomvi. Hakuna aliyekula kipande kimoja tena.

Msimu wote wa mvua Nchelenge ilikula kashata zile. Madereva wa malori walizila na chai. Walevi wa munkoyo, kinywaji kile cha mahindi na mizizi chenye uchachu kidogo, walikuja na vikombe vyao mkononi, maana walikuwa wamegundua wenyewe kwamba uchachu na chumvi vinapatana. Wanawake wa kuoka samaki walizimega na mihogo ya kuchemsha. Nilizunguka nikiuliza kila mtu anakula na nini, nikarudi jioni kumsimulia mama. Watu waliuliza ameweka nini siku hizi. Aliwajibu kwamba amejifunza kupika. Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu kinywa kinachotafuna hakipendi majibu.

Shemeji yake ndiye aliyeuliza. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mwenye mke, mwenye kibanda cha kuuza nyuzi za nyavu na ndoano. Jumapili alisimama mbele ya kanisa lake kukemea mila za giza. Siku za kazi alikuja uani kumdai mjane wa kaka yake kwa mila zile zile. Alikaa kwenye kiti cha marehemu, akainyoosha miguu, akaeleza kwa sauti ya upole kwamba mwanamke hawezi kukaa na mzimu mwilini. Mama alimpa maji ya kunywa na kumkatalia. Akirudi, alimpa maji na kumkatalia. Mtu wa kupenda sana kuuliza kama mimi nilipaswa kujua kwamba yule naye alikuwa anatafuta kitu, maana kila mara alitoka akiwa amelitazama bati la kashata.

Siku ya soko alikuja na shati jeupe. Alinunua kipande kimoja kama mteja, lakini hakukila. Alikigeuza chini juu, akakiinua mbele ya jua, na punje zikameremeta. Halafu akasema kwa Kibemba, taratibu, ili kila mtu asikie, kwamba anaomba kujulishwa chumvi hii imetiwa na nani.

Akatembea na kile kipande akiwaonyesha watu mmoja mmoja, kama anayeonyesha fedha bandia. Akakumbusha kwamba kaka yake amekufa, na kwamba mwenye kumkumbuka kaka yake anajua mjane wake bado yu katika hali gani. Wakati huo huo mwoka samaki mmoja akaanza kukohoa. Mtu huyo alikuwa anakohoa tangu kabla sijavuka ziwa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka, kila asubuhi alitema mate meusi mbele ya jiko lake, na wote pale walikijua kikohozi chake kama wanavyomjua jogoo wa jirani. Shemeji alinyoosha kidole kumwonyesha, bila neno, na watu wale wale waliomsikia akikohoa miaka yote wakageuka kumtazama kana kwamba ameanza siku hiyo.

Nikasema mimi ndiye niliyetia chumvi. Shemeji akatabasamu. Alisema basi huenda huyu Mkongo ameshamtakasa mulamu wake, yaani mjane wa kaka yake, huko kwenye kibanda cha nyavu, na ukoo haukuambiwa wala kuletewa kuku. Watu wakacheka, wanaume kwa wanawake. Kicheko hicho nakisikia mpaka leo.

Mama alisimama. Akaacha Kibemba, akasema kwa Kiswahili, labda ili wachuuzi nao wasikie, labda kwa sababu hakutaka tena kuzungumza na shemeji yake kwa lugha ya nyumbani.

"Hakutia huyu. Nilitia miye. Mumekula tangu mvua ya kwanza. Mwenye amekufa asimame aseme."

Hakuna aliyesimama, na hakuna aliyecheka. Lakini mikono ilianza kurudi kwenye bati. Mwanamke mmoja akarudisha kipande. Dereva mmoja akarudisha cha kwake, kilichomegwa pembeni. Jirani yetu, yule bibi wa kutia chumvi, ambaye alikula kashata hizo kuliko mtu yeyote kwa kuwa alipewa bure, aliinama akajifanya anafunga kanga yake. Walizirudisha kimya, kwa adabu, kama wanaorudisha vyombo vya msibani. Afadhali wangetukana. Matusi yana mlango, unaweza kuyajibu. Ule ukimya sikuupatia mahali pa kuushika, na kwa hiyo niliubeba.

Jioni ile, katika ua wa shemeji, walianza kuandaa ulezi wa pombe. Pombe hiyo ni ya kurithiwa; ikiiva, mjane anakuja kuinywa mbele ya ukoo, na asubuhi yake yeye ni wa nyumba ile. Haya ya ulezi sikuyaona kwa macho yangu. Aliniambia mama mwenyewe asubuhi yake, na mengine baadaye sana, tukiwa tumekaa kwenye kibaraza kingine. Usiku ule mimi nilisikia tu kwamba anapika. Alimaliza sukari yote aliyokuwa nayo.

Asubuhi nikamkuta amefunika kopo. Nilikuwa tayari na blanketi langu begani, nikamwambia naondoka, sijui wapi, lakini nikibaki nitampiga mtu. Alisema kumpiga mtu hakutamuuzia kashata. Halafu akanishika mkono.

"Nenda fasi unataka. Uzisha hizi. Lakini kila mutu, umwambie mukono ya nani ilitia chumvi. Kopo ikirudi tupu na umesema kweli, nitajua kuko fasi chumvi yangu inakuliwa. Ikirudi na hata kipande kimoja, basi nitaenda kunywa pombe yabo."

Nikamuuliza, na kama nikizigawa bure? Akasema chakula cha bure watu wanakila wakiwa wamefumba macho. Kisha akaongeza kwamba nisizimalize mwenyewe njiani, maana anajua tumbo langu. Hilo alilisema bila kucheka.

Basi nikashika njia ya kaskazini, ziwa likiwa mkono wangu wa kushoto, na kopo likinigonga ubavuni.

Kafutuma nilifika jua likiwa limeshakuwa kali. Wanawake walikuwa wamekaa kivulini nje ya zahanati, wakingoja. Nikafungua kopo, harufu ya karanga ikanifanyia kazi, wakasogea. Nikasema nilivyoagizwa: kashata za karanga, zina chumvi chini, chumvi imetiwa na mjane wa Nchelenge ambaye hajatakaswa. Sikuipaka asali habari hiyo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshachukua kipande. Akakigeuza, akaona punje, akakirudisha koponi, akafuta vidole kwenye kitenge chake kimoja kimoja. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa kwa nini ninatembea na kitu kama hicho mahali penye wagonjwa.

Mwanaume mmoja, aliyekuja nyuma na hakusikia, alinunua akaanza kutafuna. Ilinibidi nirudie maneno yangu akiwa anatafuna. Alitema palepale, akaomba maji, akasukutua, akaniuliza kama nimetumwa kumuua. Nikamwambia yeye tangu asubuhi anavuta tumbaku iliyoviringishwa kwenye gazeti, na kifua chake leo ndiyo anakiogopea karanga? Aliinua fimbo. Nilikuwa na hamu kubwa aishushe, nipate sababu, lakini niliposhika kifuniko cha kopo nilikumbuka ni cha nani.

Nikiwa nimeshafika barabarani, mwanamke mmoja aliyefunga kitambaa cheusi kichwani alinifuata. Hakuwa amesema lolote kule kivulini. Akanunua vipande kadhaa, hakuuliza, akaondoka akitafuna njia nzima, bila kugeuka nyuma. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye mihogo. Wale wengine walimwona pia. Sijui kule kutafuna kulimgharimu nini.

Lori la samaki wakavu lilinichukua mpaka Mununga, nikiwa juu ya magunia. Dereva sikumuuzia, nilimweleza habari ya kopo, akasema nikae nalo mbali na yeye. Mununga ilikuwa na wachuuzi wengi wa Kongo, mitumbwi imejipanga, chisense zimeanikwa mchangani mpaka unakosa pa kukanyaga. Hapo nikasikia lugha ya kwetu, na nikafikiri kazi itakuwa nyepesi. Nikatoa hotuba yangu. Mchuuzi mmoja mwenye tumbo kubwa, aliyekuwa amelala juu ya magunia yake, akaamka.

"Leta hapa," alisema. "Bibi yangu eko muzima kule Pweto, na chumvi yake njo inaniuaka kila siku."

Bibi kwetu ni mke, na wenzake walianguka kwa kicheko. Wakanunua. Nilichota chisense za kukaanga kwa mama wa pembeni nikawaonyesha namna ya kuzila pamoja, samaki kidogo, kashata kidogo, na wakakubali kwamba ni kitu cha maana, wakabishana kama munkoyo ingefaa kuliko bia. Kopo lilishuka mpaka karibu na sakafu yake. Ningepaswa kufurahi. Lakini nilisikia wanavyocheka. Walikula huku wakisema hawa Wazambia ni watu wa kuogopa vivuli, na kila kutafuna kulikuwa ni kumcheka mtu, akiwemo aliyezipika.

Nikamuuliza yule wa tumbo kubwa: kaka yake akifa leo, atakula chumvi ya mke wa kaka yake kesho?

Aliacha kutafuna.

"Ile ni ingine," alisema. "Ile ni ya kwetu."

Wenzake wakamtazama. Alikuwa bado na nusu ya kipande shavuni, na kwa sababu wanamtazama ilibidi aimalize. Aliimeza polepole sana. Nilimkasirikia kuliko yule wa Kafutuma, maana yule angalau alitema alichokiogopa.

Nililala juu ya mchanga karibu na moto wa waoka samaki, na lori la kesho yake likanifikisha Chienge jioni. Joto lilikuwa limezifanya kashata zilizobaki zitoe jasho na kushikana, zikawa donge moja chini ya kopo, na donge lile lilinitisha. Chienge sikumjua mtu. Nilizunguka vibandani nikisema maneno yangu, na sauti yangu ilikuwa imeshakuwa ya mtu anayetafuta kukataliwa. Nikakataliwa. Nikamkumbuka shemeji na shati lake, na ulezi wake uliokuwa ukichacha kwenye mitungi huku mimi nikitembea na donge.

Nikauliza pa kulala. Wakanielekeza nyumba ndefu ya nyasi karibu na mitumbwi, ya mama mmoja wa Pweto aliyekodisha vyumba kwa wachuuzi wa samaki. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa mtu mzima, mwembamba. Hakunyanyua macho.

"Unakoromaka?"

Nikamjibu kwamba nina kopo la kashata, kwamba zina chumvi, kwamba chumvi imetiwa na mjane asiyetakaswa, na kama hataki vitu hivyo nyumbani mwake aseme sasa hivi nikatafute pengine.

Akainua uso.

"Baba, miye nilikuuliza kama unakoromaka."

Nikasema nakoroma kidogo. Akasema wote wanasema kidogo. Kisha akanyoosha mkono apewe kopo. Alilitazama donge, akaliinua, na kabla sijasema lolote akaligeuza chini juu na kulilamba upande wa chumvi, kama mtu anayejua mlango uko wapi. Akaingia ndani, akarudi na birika na vikombe viwili vya bati. Ilikuwa kahawa nyeusi ya ng'ambo, kali, bila sukari. Alivunja pembe ya donge kwa mpini wa kisu, akanipa, akaniambia ninywe juu yake.

Katika kuuliza kwangu kote, kitu hicho sikuwahi kukifikiria. Nilitafuta uchachu, ukali, samaki, na uchungu ulikuwa ndio umekosekana. Kahawa iliikata sukari na kuiacha karanga peke yake, imesimama, na chumvi ikabaki pembeni mwa ulimi muda mrefu. Nilimwambia kwamba mama wa Nchelenge angependa kujua hili. Akauliza ni nani, nikamsimulia yote, kuanzia bati mpaka ulezi. Alisikiliza huku akichambua maharage.

"Bwana yangu alipokufa," alisema, "bandugu yake balikuja kubeba mabati juu ya nyumba. Mvua ilikuwa inanyesha. Balibeba kitanda, balibeba baiskeli. Chumvi njo baliniachia. Baliogopa kuigusa."

Alisema hivyo kama anayetaja bei ya maharage. Nilitazama juu, nikaona kwa nini nyumba ya mtu mwenye wapangaji wengi hivyo ilikuwa ya nyasi: alikuwa ameapa, nadhani, kutojenga tena kitu kinachoweza kubebwa. Sikumuuliza. Ni mara chache nimewahi kuacha kuuliza.

Aliwaita wapangaji wake waliokuwa wakinawa nyuma ya nyumba. Akavunja donge lote juu ya ungo, akawaambia yeye mwenyewe, kwa sauti yake, mkono wa nani umetia chumvi. Mmoja akasema asante, ameshiba, akarudi kunawa. Wengine wakachukua. Waliobaki wakachukua fungu la yule aliyeshiba. Nilipotaka kusema kwamba si za bure, akaniambia hakuna cha bure, wataongezewa kwenye kodi yao, na zilizobaki ni kodi yangu mimi. Mzee mmoja akachovya chake kwenye kahawa na akaomba kingine. Hakikuwepo.

Nilitazama ndani ya kopo. Chembe za sukari tu.

Nikamwambia nataka vyumba viwili. Akauliza kama anayekuja ni mke wangu. Nikasema hapana, ni mwenye kopo, na kwamba atahitaji mahali pa kuweka jiko, maana anapika.

"Bon," alisema. "Hapa kila muke anatia chumvi mu chungu yake. Njo sheria moja tu kwiko."

Mdogo wake alikuwa na mtumbwi wa injini uliokuwa unaondoka alfajiri kwenda Nchelenge na samaki. Alikuwa mtu wa kusema kidogo, na nilirudiarudia ujumbe mpaka akaukariri: kopo limeisha, kila mtu ameambiwa, kuna chumba, kuna kahawa, apande mtumbwi huu huu ukirudi, kabla ulezi haujaiva. Fedha nilizifunga kwenye kitambaa nikampa. Nikamkabidhi kopo, na dada yake akamnyang'anya.

Alirudi kutoka ndani akilifunika. Nilisikia kitu kikichezacheza humo. Nikamwambia hapana, mama yule amesema lirudi tupu, lirudi tupu kabisa. Akanitazama kama mtu niliyelelewa porini.

"Alisema kipande. Hakusema chumvi. Chombo ya mutu hairudishwake tupu, baba. Ni nani alikulea?"

Nikashika kopo nikalifungua. Alikuwa ametia konzi ya chumvi ya punje kubwa, safi. Nilitaka kubisha. Niliogopa mama asije akaielewa vibaya, akaona kopo lina uzito, akakaa chini kabla ya kulifungua. Halafu nikamfikiria akilifungua.

Nikalifunika mimi mwenyewe, nikalikaza kwa kamba ya nyavu. Mdogo mtu akaliweka kando ya injini, chini ya turubai. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshachukua ufagio, yuko kwenye chumba cha pili, anatoa magunia ya mtu na kumlaumu mwenyewe kwa sauti ingawa hakuwepo. Nilikaa kibarazani na kikombe changu. Hasira ilikuwa bado ipo, yote, haikupungua hata kidogo. Nilimalizia kahawa iliyobaki, bila sukari, na chumvi ikiwa bado ulimini.